Uzi: Nchi isiyo na bomu la nyuklia, ahadi ya wakubwa inaisaidia nini?

#1 Dau_la_Amu
Salaam wadau. Tangu mazungumzo ya kumaliza vita vya Ukraine yaanze, kila nikifungua redio nasikia "dhamana ya usalama". Naomba tuijadili hapa bila kuchokana.

Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia ilizobaki nazo Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Vilikuwa vichwa vya masafa marefu karibu 1,900, ghala la tatu kwa ukubwa duniani. Urusi, Marekani na Uingereza nazo zikatia saini kwamba zitaheshimu mipaka yake na hazitatumia nguvu dhidi yake. Haikutimia miaka 20, Crimea ikachukuliwa. Februari 2022 vifaru vikaingia kutoka kaskazini, mashariki na kusini.

Dai langu ni hili: Ukraine ingebaki na sehemu ndogo tu ya ghala lile, hakuna ambaye angeigusa. Sisi ambao hatuna bomu wala hatutarajii kuwa nalo tujue kwamba ahadi hizi hazimlindi mtu. Anayepinga alete hoja.

#2 Kusi77
Hapo umenena. Gaddafi alitangaza Desemba 2003 kwamba anaacha mpango wake, akapongezwa dunia nzima. Oktoba 2011 kauawa, baada ya miezi ya mabomu ya NATO. Saddam hakuwa na kitu, 2003 akavamiwa. Korea Kaskazini ikajitoa kwenye mkataba wa kutoeneza silaha za nyuklia mwaka huohuo 2003, ikalipua bomu la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, na leo marais wanapanda ndege kwenda kukutana na kiongozi wake. Kuna haja ya kusema zaidi?

#3 MtuWaGede
Ipo haja, tena kubwa.

Dau, vile vichwa vilikuwa kwenye ardhi ya Ukraine lakini amri ya kuvirusha ilikuwa Moscow. Walioshika namba za siri hawakuwa Kyiv. Tena kichwa cha nyuklia si kisu cha kuchongea makuti, kwamba ukiweka darini miaka 10 utakikuta vilevile. Kinahitaji kufunguliwa, kubadilishwa vitu na kupimwa, na viwanda vya kazi hiyo vilibaki Urusi. Nchi yenyewe 1994 ilikuwa haina hata pesa za kulipa mishahara. Mkiuliza "kwa nini waliachia", jibu moja ni kwamba hawakuwa nalo mkononi kama tunavyodhani.

Kusi, Libya haikuwa na bomu. Ilikuwa na mashine za kurutubisha urani, nyingine bado zimo kwenye masanduku. Hata angekataa kuziachia, 2011 asingekuwa na la kurusha.

#4 Mwana_wa_Shela
Kabla hatujaendelea, tuisome ile hati. Ni fupi, ina vifungu sita. Watia saini wanaheshimu mipaka. Hawatatumia nguvu isipokuwa kwa kujilinda. Hawataibana Ukraine kiuchumi. Hawataipiga kwa nyuklia, ila ikiwa yenyewe imewashambulia ikishirikiana na nchi yenye nyuklia. Yakizuka maswali, watashauriana.

Kifungu kilichobaki ndicho nataka mkione. Ukraine ikishambuliwa, watia saini watakimbilia Baraza la Usalama liisaidie. Lakini soma masharti: ikiwa katika shambulizi hilo *silaha za nyuklia zimetumika* au zimetumiwa kutishia. Shambulizi la vifaru na mizinga ya kawaida halimo. Hakuna mahali popote pameandikwa kwamba Marekani au Uingereza italeta hata askari mmoja.

Kwa hiyo naona Urusi ndiyo iliyovunja hati. Wale wawili wengine walitimiza kile kidogo walichoahidi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ina maana ahadi ilikuwa nyembamba tangu siku ya kwanza. Ukraine iliomba zaidi ikanyimwa.

#5 Kusi77
Kushauriana! Na walishauriana?

#6 Mwana_wa_Shela
Machi 2014 Ukraine iliitisha kikao hicho. Mawaziri wa Marekani, Uingereza na Ukraine walikutana Paris. Waziri wa Urusi alikuwa mjini humohumo, hakukaa nao.

#7 Maalim_Langoni
Wanangu, mwaitafuta Budapest na Witu iko hapa, barabara ya kutoka Mokowe kwenda Garsen. Yeo gari linapita, abiria ananunua maembe, hajui kwamba pale palikuwa na dola.

Sultani Ahmed, waliyemwita Simba, alikuwa Mnabahani wa Pate aliyehamia bara kumkimbia Sultani wa Zanzibar. Hakuwa na manowari wala mizinga ya kushindana na Seyyid Barghash. Mwaka 1885 wakaja ndugu wawili Wajerumani, akina Denhardt, wakapatana naye ardhi, na Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Barghash akalazimika kurudisha nyuma askari wake. Zingatieni hapo: kwa miaka mitano ile dhamana ilifanya kazi. Simba alilala usingizi.

Kisha tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zikaandikiana mkataba Berlin. Mjerumani akapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, akaachia Witu na madai yake ya huku. Hakuna aliyetumwa Witu kuuliza. Oktoba mwaka huohuo manowari za Kiingereza zikashusha askari, mui ukachomwa moto.

Aliyetoa ahadi hakuivunja kwa upanga. Aliiuza tu. Ndiyo maana mimi nikisikia dhamana siulizi imeandikwa nini, nauliza aliyeitoa anapata faida gani, na akipata faida kubwa kwingine itakuwaje.

#8 Binti_Ngomeni
Shukran Maalim. Kuna la kurekebisha hapo, kwa heshima. Witu ilipochomwa Simba alikuwa ameshafariki, aliyekuwa kwenye kiti ni Fumo Bakari. Na Waingereza walikuja baada ya Mjerumani Küntzel na wenzake kuuawa pale Septemba 1890. Haikuwa kwamba waliamka tu asubuhi wakaamua kuchoma.

#9 Maalim_Langoni
Ahsante mwanangu, Fumo Bakari ndiye. Kuhusu Küntzel, angalia mpangilio: Mjerumani anakwenda Witu miezi miwili baada ya serikali yake kuwaacha watu wa Witu, anakuta watu wamejaa hasira. Kisha anayekuja kulipiza si serikali yake, ni mlinzi mpya, anaanza ulinzi wake kwa moto.

#10 Kaskazi
Mombasa nao waliyaona hayo kabla. Mwaka 1824 Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakimhofia Seyyid Said wa Oman waliomba bendera ya Kiingereza kwa Kapteni Owen wa manowari, akawapa ulinzi. Wakubwa zake London hawakuridhia. 1826 Waingereza wakaondoka, na 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa. Wenye manowari mbele ya macho yako sio wenye uamuzi. Hili liko mpaka leo: rais anasaini, bunge lake linakataa.

#11 Chewa_Mkubwa
Na Malindi? Malindi ndiyo rafiki wa kwanza wa mgeni pwani hii nzima. Vasco da Gama alipokelewa vizuri 1498, akapewa na mwongozaji wa kumfikisha India. Nguzo yake watalii wanaipiga picha kila siku. Urafiki ule uliwafaidi, Mombasa ilipoanguka mtawala wa Malindi akapelekwa kutawala kule, Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa 1593. Halafu Sultani Hasan akakosana na kapteni Mreno, 1614 akauawa. Mwanawe Yusuf akalelewa Goa na mapadri, akarudishwa atawale, na 1631 akaiteka ngome na kuwaua Wareno waliomo. Malindi yenyewe ikabaki magofu na pori.

#12 Kusi77
Sasa Lamu na Malindi mnashindana nani alisalitiwa kwanza 😄 Turudini kwenye nyuklia.

#13 Mama_Mahamri
Mimi nasoma tu siku zote, leo nichangie. Nauza mahamri Langoni. 2022 vita vilipoanza bei ya ngano ilipanda mpaka nikapunguza ukubwa wa hamri, wateja wakanuna. Mafuta ya kupikia nayo ndiyo usiseme. Kwa hiyo msidhani ni mambo ya mbali.

Nawauliza hivi. Kwenye chama chetu mtu akikopa lazima awe na wadhamini, na mdhamini akikataa kulipa tunakaa wanachama wote tunaamua. Hapa Urusi ni mdhamini, ndiye aliyevunja nyumba, na kwenye kikao cha kumhukumu ana neno la mwisho. Nani aliandika katiba ya chama hicho?

#14 MtuWaGede
Mama umemaliza. Waliandika wakubwa wenyewe 1945, wakajipa kura ya turufu. Tarehe 25 Februari 2022 Baraza la Usalama lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi. Nchi 11 zilikubali, tatu zikajizuia, Urusi ikapinga, azimio likafa. Kenya ilikuwa mjumbe wakati ule, ikapiga kura ya ndiyo. Siku chache kabla, balozi Martin Kimani alisema pale kwamba mipaka ya Afrika tulichorewa na wakoloni, jamaa zetu wakabaki ng'ambo, lakini tulikubali kuishi nayo badala ya kufuatana na vita. Hotuba ilisifiwa kote. Vifaru havikusimama.

Tena Baraza hilohilo ndilo lililopitisha azimio namba 255 mwaka 1968, na namba 984 Aprili 1995, kuziambia nchi zisizo na nyuklia kwamba zikishambuliwa kwa nyuklia zitasaidiwa. Na wa kusaidia ni walewale watano wenye nyuklia na kura ya turufu.

#15 Tabibu_Faza
Salaam. Mimi nilikuwa Kharkiv nasomea udaktari vita vilipoanza. Usiku wa kwanza tulishuka kituo cha treni ya chini ya ardhi, watu wamelala mpaka kwenye ngazi, mwenye paka, mwenye mtoto mchanga, bibi mmoja ameshika jagi la umeme la chai sijui atalichomeka wapi. Baadaye tukasongamana kwenye treni ya kwenda magharibi, na mpakani sisi weusi tulisukumwa mwisho wa foleni.

Rafiki yangu wa bweni, Mukraine, aliijua ile hati kwa moyo. Yeye hakulaumu kuachia bomu. Alilaumu kwamba toka 1994 mpaka 2014 serikali zao zilikaa juu ya karatasi ile na jeshi likaachwa lichakae. Alisema dhamana iliwalevya. Hili sijaliona kwenye michango ya juu. Labda ubaya wa ahadi dhaifu ni kwamba unaacha kujiandaa.

#16 Dau_la_Amu
Pole sana Tabibu, na ahsante kwa kutueleza.

Nimesoma yote. Hoja ya namba za siri naielewa, MtuWaGede, lakini Ukraine ndiyo iliyokuwa ikitengeneza makombora yenyewe, kiwanda kiko Dnipro. Watu wenye ujuzi huo wangeshindwa kupata njia ya kuvitawala vichwa baada ya muda? Sidhani.

#17 MtuWaGede
Katika muda huo Marekani na Urusi zote zingekuwa zimeigeukia. Isingepata mkopo wala mkataba na mtu, nchi changa ya miaka mitatu. Huenda vita vingekuja 1995 badala ya 2014.

#18 Nahodha_Matondoni
Niulize swali la mtu wa bahari. Mnasema mwenye bomu haguswi. Israeli haijawahi kukiri lakini dunia nzima inajua analo. 1973 Misri na Syria zilimshambulia. Argentina ilichukua visiwa vya Falklands 1982 na Mwingereza ana manowari za nyuklia. India na Pakistan zote zilijaribu mabomu Mei 1998, mwaka uliofuata wakapigana Kargil milimani. Urusi yenyewe ina vichwa kuliko mtu yeyote, na Agosti 2024 jeshi la Ukraine liliingia mkoa wa Kursk.

Bomu lazuia bomu. Halizuii vita vingine.

#19 Kusi77
Nahodha hiyo nakupa. Lakini hakuna kati yao aliyepoteza nchi nzima.

#20 Nahodha_Matondoni
Japani haina bomu na haijapoteza nchi. Kenya vilevile.

#21 Kaskazi
Japani ina askari wa Marekani makumi ya elfu ndani ya nyumba, na mkataba wa 1960. Korea Kusini ina mkataba wa 1953. Hapo ndipo ilipo tofauti na Budapest. NATO wana kifungu cha 5, anayempiga mmoja amewapiga wote, na kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001. Finland ilikaa bila upande miaka yote ya vita baridi, ilipoona yaliyotokea Ukraine ikajiunga Aprili 2023, Sweden Machi 2024. Wafini wana mpaka mrefu na Urusi, wanajua wanachofanya. Hawakuomba hati ya kurasa mbili, waliomba kuwa ndani.

Na hata hao walioko chini ya mwavuli wana wasiwasi. Korea Kusini ilianza mpango wake wa siri wa bomu miaka ya 1970 ilipoona Marekani inapunguza askari, ikabanwa ikaacha. Sasa mjadala huo umerudi kwao.

#22 Mja_Mpeketoni
Mnasifu askari wa kigeni ndani ya nyumba. Sisi huku tunao, kule Manda Bay. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliingia pale, Wamarekani watatu wakafa na ndege zikaungua. Mimi nilikuwa nyumbani, tukaambiwa tusitoke. Kwa miezi kusafiri barabara ya Witu ilikuwa ni msafara na polisi. Je, askari wale walikuwa ngao yetu au ndio walioleta shabaha? Sisemi waondoke. Nauliza tu, kwa sababu mtu wa Seoul naye lazima anajiuliza.

#23 Maalim_Langoni
Swali lako lina mizizi, Mja. Waamu walipowashinda watu wa Mombasa na Pate kwenye vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, waliogopa watarudi. Wakamwomba Seyyid Said awalinde. Akaleta askari na liwali, ngome ikamalizika, Mombasa haikuthubutu tena. Waamu walipata amani waliyoitaka. Lakini mamlaka ya mui wao hawakuyapata tena mpaka yeo, ilikuwa Oman, kisha Zanzibar, kisha Mwingereza.

#24 Kusi77
Maalim usitupeleke kwenye mambo ya mwambao kujitenga, uzi utafungwa.

#25 Msimamizi
Uzi uko sawa. Historia ruhusa, kampeni hapana.

#26 Mkaa_Watamu
Samahani natoka nje kidogo. Mnaongea nyuklia, sisi huku tumesumbuliwa na kinu cha nyuklia walichotaka kujenga Uyombo. 2024 watu waliandamana, wakapambana na polisi. Hofu yetu ilikuwa mikoko, samaki, kasa na utalii. Sikuwahi kufikiria vita. Lakini niliposoma kwamba Machi 2022 Warusi waliteka kinu cha Zaporizhzhia kwa mapigano, nikajiuliza, nchi isiyo na silaha za nyuklia lakini ina kinu cha umeme, nani anaidhamini kwamba kinu hakitapigwa?

#27 Binti_Ngomeni
Swali zuri, wala hujatoka nje. Mkataba wa Pelindaba, ambao unaifanya Afrika yote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, una kifungu cha 11 kinachokataza kushambulia vinu vya nyuklia. Ulisainiwa Cairo tarehe 11 Aprili 1996, ukaanza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009. Shida ni kwamba kifungu hicho kinatufunga sisi Waafrika tulio ndani ya mkataba. Mtu wa nje hakimfungi. Juni 2025 Israeli na kisha Marekani zilipiga vituo vya nyuklia vya Iran, nchi iliyomo ndani ya mkataba wa kutoeneza silaha za nyuklia. Mwaka 1981 Israeli iliwahi kupiga kinu cha Osirak, Iraq.

#28 Kusi77
Umeona? Iran nayo. Aliye ndani ya mkataba anapigwa, Korea Kaskazini aliyetoka hapigwi.

#29 Mwana_wa_Shela
Kusi, kuna upande hukuuangalia. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita yaliyokamilika. Ikayabomoa yenyewe, ikaingia kwenye mkataba 1991, na Machi 1993 de Klerk akaliambia bunge. Hakuna aliyemvamia. Kuna wanaosema makaburu hawakutaka bomu liangukie mikono ya serikali ya Mandela, na wengine wanasema adui wao aliondoka, Wakuba waliondoka Angola na Wasovieti wakaporomoka. Vyovyote, nchi ile haikuhitaji karatasi ya mtu ili iache.

Kazakhstan vilevile. Walikuwa na vichwa zaidi ya 1,000, na watu wao waliumizwa na majaribio 456 pale Semipalatinsk. Walifunga eneo lile Agosti 1991. Walipata hati kama ya Ukraine, siku hiyohiyo Budapest, na hawajavamiwa. Belarus nao walipata. Leo Belarus imerudisha silaha za Kirusi ndani kwa hiari ya rais wake. Hati ileile, nchi tatu, hatima tatu. Kama hati ndiyo kisababishi, mbona matokeo hayafanani?

#30 Chewa_Mkubwa
Kwa sababu Kazakhstan haijataka kuingia NATO.

#31 Tabibu_Faza
Ukraine 2014 ilikuwa imeshaandika kwenye sheria yake, tangu 2010, kwamba haifungamani na upande wowote. Ilichotaka kusaini ni mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Crimea ikachukuliwa hivyohivyo.

#32 Dau_la_Amu
Hilo la sheria ya 2010 linabadilisha mambo, Chewa jibu.

Wakati Chewa anatafuta jibu, niulize wajuzi. Mbali na Ukraine, sisi Kenya tuna ahadi gani hasa? Kuna mkubwa yeyote aliyejifunga kwamba hatatupiga?

#33 Mwana_wa_Shela
Kuna aina mbili, tusizichanganye. Moja ni "sitakupiga kwa nyuklia". Ya pili ni "ukipigwa nitakusaidia". Ya kwanza China imeitoa bila sharti tangu jaribio lake la Oktoba 1964, kwamba haitaanza kutumia nyuklia na haitaitumia kabisa kwa asiye nayo. Wengine wanne walitoa matamko Aprili 1995 yenye masharti. Angalieni tarehe: wiki chache baadaye, New York, mkataba wa kutoeneza silaha za nyuklia uliokuwa umepewa miaka 25 ukaongezwa bila kikomo. Wasio na nyuklia walitoa ahadi ya milele ya kutotengeneza bomu, wakapewa matamko. Tangu hapo wanaomba mkataba kamili kule Geneva, kwenye Mkutano wa Kupokonya Silaha, na kule kila jambo linataka wote wakubali.

Kilicho na nguvu zaidi ya matamko ni itifaki ya kwanza ya Pelindaba. Inawataka watano hao waahidi kisheria kutoipiga wala kuitishia nchi ya Afrika iliyomo kwa silaha za nyuklia. China, Ufaransa, Uingereza na Urusi zimeridhia. Marekani ilisaini 1996, Obama akaipeleka kwa Seneti 2011, haijapitishwa.

#34 Kaskazi
Ndiyo yaleyale ya Owen.

#35 Nahodha_Matondoni
Na Diego Garcia? Ramani ya Pelindaba ina visiwa vya Chagos ndani yake, na kule kuna kambi kubwa ya Marekani ambako ndege za kuangusha mabomu hushuka. Tukitoka na kusi baharini, hii ni bahari yetu moja.

#36 Binti_Ngomeni
Vimo kwenye ramani, vikiwekewa alama kwamba suala la nani mwenyewe halijaguswa. Uingereza ilisema tangu mwanzo kwamba mkataba hauvihusu visiwa hivyo. Urusi iliporidhia 2011 iliweka sharti lake kwa sababu ya kambi ileile. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilisaini kwamba visiwa ni vya Mauritius, lakini kambi inabaki kwa kukodishwa miaka 99. Mauritius ni mwanachama wa Pelindaba. Sasa nchi iliyoahidi kutoweka silaha za nyuklia kwenye ardhi yake imekubali kukodisha ardhi hiyo kwa wenye nazo.

Mimi hilo linanihusu kuliko Budapest. Nyumbani kwetu Ngomeni, Waitaliano walirusha roketi za satelaiti kutoka baharini tangu 1967, na mpaka leo mitambo ipo. Najua mgeni akishakaa kwa mkataba wa miaka mingi, swali la kilichomo ndani ya uzio halijibiwi na mwenyeji.

#37 Chewa_Mkubwa
Nimerudi. Tabibu, sheria ya 2010 nimeithibitisha, ipo. Lakini NATO Bucharest 2008 ilikuwa imeshatamka kwamba Ukraine na Georgia zitakuwa wanachama, bila kusema lini. Moscow ilishika la 2008, haikushika la 2010. Miezi minne baada ya tamko hilo Georgia ikapigwa. Mimi nasema kitu kibaya kuliko zote ni ahadi ya nusu: inamuudhi jirani na haikulindi.

#38 Tabibu_Faza
Basi lawama ni ya aliyeudhika akapiga, sio ya aliyeahidiwa.

#39 Mama_Mahamri
Hapo niko na Tabibu.

#40 Dau_la_Amu
Dai langu la mwanzo nalishikilia nusu. Nahodha amenionyesha kwamba bomu lenyewe halizuii kila vita. Lakini naendelea kuamini kwamba ahadi ambayo aliyeivunja hapati hasara haina kazi. Kwa hiyo wanaojadili dhamana mpya ya Ukraine sasa waseme kwa herufi: nani analeta askari, wangapi, wakipigwa nini kinafuata, na bunge gani limeridhia. Kaskazi, wewe uko kwa kifungu cha 5. Ukraine ikinyimwa uanachama, ungewaandikia nini?

#41 Kaskazi
Ningeanza na silaha zao wenyewe, kiwanda ndani ya nchi, halafu askari wa Ulaya walioko pale kabla ya vita kuanza upya, sio watakaotumwa baadaye. Askari aliye Warsaw anasubiri kikao.

#42 Mja_Mpeketoni
Na wakishaletwa, nani ataamua siku ya kuondoka? Namba 22 bado sijajibiwa.